Ngoja TT Iingie: Dhahabu ya Geita na Sharti la Mkono kwa Mkono

 

Katika mabaraza ya wanunuzi wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, hadi Geita, zimeenea kauli mbili juu ya kutuma na kupokea fedha kwa njia ya benki za nje, jambo ambalo wafanyabiashara wetu huliita TT. Kauli ya kwanza husikika zaidi katika mawaidha. Inasema kwamba kutuma TT ni haramu, kwa sababu benki hukata ada, na aliyetuma elfu moja akapokelewa pungufu ameingia katika riba. Kauli ya pili husikika zaidi katika maduka. Inasema kwamba hapana ubaya dhahabu ikatolewa leo na malipo yakaja kwa TT baada ya siku tatu au nne, maadamu mnunuzi ameonyesha karatasi ya SWIFT kuthibitisha kuwa fedha "zimeshatumwa".

Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa kupeana mgongo. Ya kwanza imeharamisha ujira ulio halali. Ya pili imehalalisha ucheleweshaji ambao Sharia imeukataza katika dhahabu kwa namna ya pekee. Na la kusikitisha ni kwamba masheikh wetu wametumia nguvu nyingi juu ya ile ada, wakanyamaza juu ya dhahabu, ilhali mali za watu zinapotea kwenye dhahabu.

Fuqahaa wameweka kanuni kwamba huwezi kukitolea hukumu kitu usichokifahamu namna yake. Basi tuanze na namna yake. Mfanyabiashara wa Kahama anayenunua mashine za kusagia mawe kutoka Guangzhou hujaza fomu katika tawi la benki yake. Tawi hupeleka agizo makao makuu Dar es Salaam. Benki ya Dar es Salaam haina tawi Guangzhou, lakini ina akaunti ya dola katika benki nyingine kubwa, mara nyingi ya New York, ambayo huiita benki wakala. Hupeleka ujumbe kwa benki wakala hiyo: toa kiasi hiki katika akaunti yangu, ukifikishe kwa benki fulani ya China, kwa jina fulani. Ujumbe huo hupita katika mtandao wa SWIFT, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1977.

Msomaji azingatie hapa. SWIFT haibebi fedha, hata senti moja. Hubeba barua. Fedha huhama pale benki ya kati inapopunguza katika akaunti moja na kuongeza katika nyingine, kisha benki ya mwisho ikaongeza katika akaunti ya mpokeaji. Baina ya barua kuandikwa na fedha kuingia kuna siku, na katika siku hizo barua inaweza kusimamishwa, kuulizwa maswali, kurekebishwa jina, au kurudishwa. Hadi mwisho wa mwaka 2021, benki za Dubai zilipokuwa zikipumzika Ijumaa na Jumamosi, na za New York Jumamosi na Jumapili, agizo lililotolewa Alhamisi jioni lilikuta mlango huu au ule umefungwa kwa siku tatu mfululizo. Tangu Januari 2022 Imarati nazo zimehamia Jumamosi na Jumapili, lakini siku za kungoja hazijaisha.

Sasa tuitazame kauli ya kwanza. Kumpa mtu mali hapa ili uilipwe au ailipwe mwenzako mji mwingine si jambo jipya. Ndiyo suftaja ya vitabu vyetu, na lugha yetu ya Kiswahili imeyahifadhi majina ya biashara hii vizuri: hawala tumelitoa katika Kiarabu, nayo posta iliuza hawala za fedha miaka mingi; hundi imetujia kutoka kwa Wahindi. Imepokewa kwamba Abdullahi bin Zubeir (R.A.) alikuwa akichukua dirhamu kwa watu Makka na kuwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, wakazipokea huko, na Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa hakuona ubaya.

Ni kweli kwamba madhehebu yetu ya Shafii yameliwekea jambo hili ukali. Ash-Shirazi katika Muhadhdhab hakujuzisha mkopo unaowekewa sharti ya suftaja, kwa kuwa mkopeshaji anafaidika kwa kuepuka hatari ya njia, na mkopo unaovuta manufaa ni riba. Hii ndiyo hoja ambayo baadhi ya ndugu zetu wameichukua nusu, wakaipeleka kwenye ada ya benki. Lakini hoja hiyo imejengwa juu ya mkopo. Aliyejaza fomu ya TT hakuikopesha benki ili anufaike kwa mkopo. Ameiajiri imfanyie kazi: iandike, ipeleke, ifikishe. Hii ni wakala kwa ujira, na ujira wa kazi ni halali kwa makubaliano. Tena Ibn Qudama katika Mughni ameinasihi suftaja yenyewe ijuzu kwa kuwa ni maslahi ya pande mbili bila ya madhara kwa yeyote. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha 9 kilichofanyika Abu Dhabi mwezi Aprili 1995, imelitolea jambo hili azimio namba 84: kuhamisha fedha kwa sarafu ileile kunajuzu, kwa ada au bila ada, na ikiwa sarafu ni tofauti, basi mambo mawili yamekutana, sarf na hawala. Sarf itangulie. Mteja atoe shilingi zake, benki iandike kiwango na kiasi cha dola katika vitabu vyake, kisha ndipo hawala ifanyike.

Kwa hiyo aliyekubaliana na benki kiwango cha dola kwa simu leo, shilingi akapeleka kesho, huyo ndiye wa kuulizwa. Aliyekatwa ada hana kosa.

Kuna jambo moja katika ada ambalo wenye kauli ya kwanza wangelisema tungewashukuru. Fomu ya benki humtaka mtumaji achague nani abebe gharama: OUR, kwamba mtumaji azibebe zote, SHA, kwamba zigawanywe, au BEN, kwamba mpokeaji azibebe. Wengi wetu hutia alama bila ya kusoma. Basi mtu anadaiwa dola 10,000 na mwenye mashine, anatuma 10,000 kwa SHA, benki ya kati inakata 25 njiani, zinafika 9,975. Hapa dhima yake haijatakasika. Amebakiwa na deni la dola 25 mpaka mwenzake asamehe au wawe wamekubaliana tangu mwanzo. Benki haikumla riba. Yeye ndiye hakumaliza kulipa. Tumeona watu wanaogopa ada kama moto, na salio la deni wanaliacha likilala.

Tuje kwenye kauli ya pili, ambayo ndiyo uzito wa makala haya.

Hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.), aliyoipokea Muslim, imeweka masharti mawili yanayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa: dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono; zikitofautiana aina, tofauti ya kiasi inaruhusiwa, lakini mkono kwa mkono inabaki palepale. Na kuna kisa katika Bukhari na Muslim ambacho, lau kingesomwa katika soko la dhahabu la Geita, kila mtu angekielewa bila ya sherehe. Malik bin Aws alikuwa na dinari 100 akitafuta wa kumbadilishia kwa dirhamu. Talha bin Ubaydillah (R.A.) alikubaliana naye, akaichukua dhahabu, akawa anaigeuzageuza mkononi, kisha akamwomba angoje mpaka mtunza hazina wake arudi kutoka Ghaba. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa anasikia. Akaapa kwamba Malik asiachane na Talha mpaka achukue malipo yake, akalitegemeza hilo kwa kauli ya Mtume (S.A.W.).

Tafadhali tuupime mfano huu. Mnunuzi ni Talha, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Hakuna shaka juu ya uaminifu wake, wala juu ya uwezo wake. Mali ipo, iko kwa mtunza hazina, na Ghaba ni mahali karibu na Madina, si ng'ambo ya bahari. Hata hivyo Umar hakukubali. Basi iweje dhahabu iliyotoka mialoni Rwamgasa ichukuliwe, ipakiwe, iende zake, na mwenyewe aambiwe angoje mtunza hazina aliye Dubai, kupitia mwenzake aliye New York?

Wenye kauli ya pili hujibu kwa azimio. Husema Majmaa hiyohiyo, katika kikao cha 6 kilichofanyika Jeddah Machi 1990, kwa azimio namba 53, imekubali kwamba kukabidhiana kunaweza kuwa kwa hukumu bila ya kuwa kwa mkono, na kwamba kuingiza fedha katika akaunti ya mtu, hata kwa hawala ya benki, ni makabidhiano. Na husema kwamba azimio limesamehe kuchelewa kwa maingizo ya benki kwa muda uliozoeleka katika masoko. Mpaka hapa wamenukuu maana sawasawa. Walipokosea ni katika kuitandaza.

Azimio limesema kuingizwa katika akaunti. Karatasi ya SWIFT si kuingizwa. Ni nakala ya barua inayoomba kuingizwa. Anayeitazama picha yake kwenye simu hawezi kutoa shilingi wala dola. Azimio lenyewe, lilipotaja hundi kuwa makabidhiano, limeshurutisha kwamba salio liwepo na benki iwe imelizuia kwa ajili ya mwenye hundi. Hundi iliyothibitishwa na benki ina mali iliyotengwa nyuma yake. Nakala ya ujumbe haina dhamana hiyo kwa aliyeishika, na mara ngapi zimeletwa nakala za kughushi! Na msamaha wa kuchelewa umefungamana na sharti ambayo wanukuuji huiacha: kwamba mpokeaji hawezi kuzitumia fedha hizo katika muda huo mpaka maingizo yawe na athari na awe na uwezo wa kuzitoa. Muuza dhahabu wetu anafungwa mikono kungoja, mnunuzi je? Yeye ameshaipeleka dhahabu, ameiyeyusha, ameiuza. Upande mmoja umefungwa na mwingine uko huru. Hiyo siyo sura iliyosamehewa.

Lipo na lingine. Miaka mitano baadaye, huko Abu Dhabi, Majmaa ilipolizungumza suala la dhahabu kwa jina lake, ilijuzisha kununua dhahabu na fedha kwa hundi zilizothibitishwa kwa sharti la kukabidhiana katika kikao. Katika kifungu hicho cha dhahabu hatukuti ule msamaha wa muda. Na kiwango cha sharia namba 57 cha AAOIFI, shirika la Bahrain linaloweka viwango vya benki za Kiislamu, kilichotolewa mwaka 2016 mahususi kwa dhahabu, kimeshikilia palepale: ikiuzwa kwa sarafu, makabidhiano ya pande mbili katika kikao, ya mkono au ya hukumu.

Pamoja na heshima yetu kwa maulamaa wale, hatuoni kwamba azimio la 1990 halina lawama. Kusema "muda uliozoeleka katika masoko" bila ya kutaja soko gani wala siku ngapi ni kuuacha mlango na komeo lake nje. Soko la London hulipana siku ya 2 ya kazi baada ya mkataba. Je, hilo ndilo? Au mazoea ya Kahama, ambapo mtu hungoja wiki na kuambiwa ndiyo kawaida? Ada ya watu ni hoja pale ambapo hakuna nassi. Lau ingetosha kuiondoa nassi, basi Talha angekuwa na hoja nzuri zaidi, kwani kumngoja mtunza hazina lilikuwa jambo la kawaida Madina pia. Tungependa Majmaa iseme wazi kwamba msamaha ule ni wa maingizo yaliyokwisha kufanywa na kungoja tarehe yake tu, wala hauigusi dhahabu iliyokabidhiwa kwa barua.

Wapo wanafunzi wa elimu, na hawa tunawaheshimu zaidi, wanaokuja kwa mlango wa madhehebu. Husema kwamba katika Shafii illa ya riba katika dhahabu na fedha ni kuwa asili ya thamani, na kwamba fulusi, yaani sarafu za madini mengine, haziingii riba hata zikienea. Noti ni kama fulusi. Basi dhahabu kwa shilingi au kwa dola si sarf, na kuchelewa hakudhuru. Nukuu yao juu ya fulusi ni sahihi katika vitabu. Lakini mtu akiushika mkia huu na aushike mpaka mwisho. Aseme kwamba noti hazina zaka ya fedha mpaka zifanywe mali ya biashara, na kwamba riba ya benki juu ya noti si riba ya kuuziana. Hatujamwona hata mmoja anayesema hivyo juu ya mimbari. Fulusi za zamani zilikuwa chenji ya kununulia vitu vidogo pembeni ya dinari na dirhamu. Leo dinari na dirhamu hazimo mfukoni mwa mtu, na noti imekaa kiti chao. Kwa sababu hii Majmaa, huko Amman Oktoba 1986, katika azimio namba 21, ilizipa noti hukumu za dhahabu na fedha katika riba, zaka na salam. Kuzitoa noti katika riba siku ya kuuza dhahabu, na kuzirudisha siku ya kukusanya zaka, ni kuchagua fiqhi kwa mizani ya duka.

Na kwamba dhahabu siku hizi ni bidhaa tu? Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim walizungumza juu ya pambo lililofuliwa, ambalo kazi ya sonara imelitoa katika kuwa thamani na kulifanya kama nguo. Dhahabu ya mialoni, au kitofali kilichotoka kwenye moto, hakuna sonara aliyekigusa.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Oktoba 2025 bei ya wakia ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza, na katika mwezi huohuo ikashuka kwa ghafla. Katika hali kama hiyo siku tatu ni nani mwenye nazo? Bei ikipanda, mchimbaji anaona ameibiwa. Ikishuka, mnunuzi anaanza kutafuta kasoro katika usafi wa dhahabu. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025 Tanzania ilikuwa katika orodha ya FATF ya nchi zinazoangaliwa zaidi kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, na katika hali hiyo benki za nje huuliza zaidi juu ya miamala yetu: chanzo cha fedha, mkataba, kibali cha kusafirisha. Fedha zinaweza kukaa benki ya kati wiki mbili, kisha zirudi zilikotoka zikiwa zimekatwa gharama. Wakati huo dhahabu iko wapi? Magomvi ya namna hii huletwa misikitini, na aghalabu anayelia ni mwenye duara, ambaye hana akaunti ya dola, haijui New York, na ana vijana wa kuwalipa na karasha la kulipia.

Wengine hukimbilia hawala za mkononi, wakidai kuwa ndizo za Kiislamu zaidi kwa kuwa jina lake liko katika vitabu vya fiqhi. Jina halihalalishi. Dhahabu ikitangulia na malipo yakaja kesho kwa mkono wa wakala wa hawala, hukumu ni ileile, na juu yake umeongeza kuvunja sheria ya nchi ikiwa hana leseni. Walioweka akiba zao kwa Al-Barakaat mpaka ikafungwa Novemba 2001 wanajua kwamba hata hawala yenye jina kubwa inaweza kuzimwa kwa siku moja.

Njia ya halali haiko mbali. Tangu lilipofunguliwa soko la madini la Geita mwezi Machi 2019, na mengine yakafuata, utaratibu uliowekwa ni kwamba dhahabu ipimwe, ithaminiwe na ilipwe mahali pamoja. Ajabu ni kwamba utaratibu huu wa serikali uko karibu na hukumu ya Umar (R.A.) kuliko mazoea ya wengi wetu wanaotoka msikitini kwenda dukani. Mnunuzi aliye pale akilipa taslimu, au shilingi zikaingia katika akaunti ya muuzaji wakiwa wamekaa hapohapo, sarf imetimia. Anayeuza nje mwenyewe, kwa vibali vyake, ana njia mbili. Amwajiri wakala Dubai, dhahabu ibaki mali yake njiani na kwa wakala, na mauzo yafungwe huko siku ambayo malipo yanaingia. Au asubiri dola ziingie kwanza katika akaunti yake kama amana, kisha wakae, wakubaliane bei ya saa hiyo, na kukabidhiana. Kabla ya hapo hakuna mauzo. Kuna ahadi tu, isiyomfunga yeyote.

Ama yaliyokwisha kupita, hukumu yake katika madhehebu yetu ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Sarf ambayo pande mbili zimeachana kabla ya kukabidhiana imebatilika. Ikibatilika, dhahabu haikuhama milki, na aliyeichukua ameishika kwa dhamana. Mwenye dhahabu ambaye mpaka leo hajalipwa hadai ile bei iliyoandikwa. Anadai dhahabu mfano wake, kwa uzito na usafi uleule. Ikiwa ilichukuliwa gramu 200 wakati bei iko chini, anarudishiwa gramu 200, au wanasuluhishana kwa bei ya siku wanayolipana na malipo yatolewe hapohapo. Wanunuzi hawatalipenda neno hili, lakini ndilo linalotokana na kanuni wanayoisoma wenyewe.

Na ikiwa mnunuzi analazimika kuichukua dhahabu kabla ya malipo, kwa ajili ya kuipima usafi maabara Mwanza au Dar es Salaam, basi aichukue kama amana. Iandikwe karatasi yenye uzito, usafi unaokadiriwa, tarehe na mashahidi wawili. Karatasi hiyo isiandikwe bei.